Sauti anazosikia mgonjwa si ushahidi dhidi ya shangazi

Katika miji yetu ya mashariki, tangu Uvira mpaka Bunia, hadithi ya kichaa inaanza karibu kila mara kwa namna moja. Kijana ana miaka 18 ao 20. Anatayarisha exetat, ao ameingia mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, ao anaendesha pikipiki ya watu. Pole pole anajitenga. Halali usiku, anaacha kuoga, anacheka peke yake. Kisha siku moja anasema wazi: wananisema, wananifuata, kuna mtu aliniwekea kitu katika chakula. Na mara nyingi anataja jina. Shangazi. Mama wa kambo. Nyanya mjane anayekaa mwisho wa barabara.

Tangu saa ile familia haiulizi tena mtoto anaumwa nini. Inauliza nani alimfanyia. Wengine wanasema ni karuho, wengine wanasema ni pepo, na wote wanaenda mahali ambapo jibu limekwisha kutayarishwa: chumba cha maombi, nabii, munganga wa kienyeji. Parseli inauzwa, mbuzi wanauzwa, mwaka unapita, mwaka wa pili unapita. Munganga wa hospitali anamuona mgonjwa huyo wakati pesa zimeisha na mikono ina makovu ya kamba.

Ninaandika juu ya lile jina linalotajwa. Wengi wetu tunalichukua kama ushahidi: mgonjwa mwenyewe amesema, na mgonjwa hawezi kusema uongo. Ni kweli kwamba hasemi uongo. Anasikia ile sauti kama wewe unavyosikia mlango ukigongwa. Lakini anachosikia kinatoka ndani ya ubongo wake, na sayansi imekwisha kueleza kwa sehemu kubwa namna kinavyotengenezwa. Jina la shangazi katika kinywa cha mgonjwa wa skizofrenia ni dalili ya ugonjwa, sawa na joto la mwili kwa mwenye malaria. Hakuna anayeipeleka homa mbele ya hakimu.

Jambo hili si la maneno tu. Katika Kivu ya Kusini, mwaka 2021, wanawake kadhaa waliuawa kwa sababu waliitwa wachawi, na manabii wanaoitwa bajakazi walishutumiwa kwamba ndio waliokuwa wakiwataja. Sisemi kwamba nyuma ya kila kifo kulikuwa na kijana mgonjwa. Ninasema kwamba katika inchi ambamo kutajwa jina kunaweza kumuua mama mzee, tunapaswa kujua vizuri jina hilo linatoka wapi.

Tuanze na ubongo wenyewe. Chembe za ubongo hazigusani kabisa. Kati ya moja na nyingine kuna nafasi ndogo sana, na ujumbe unavuka nafasi hiyo kwa kubebwa na kemikali. Mojawapo ya kemikali hizo inaitwa dopamini. Kazi zake ni nyingi, lakini moja inatuhusu hapa: inaweka alama juu ya mambo ili tujue lipi ni la maana. Unapita sokoni Kadutu ao Virunga, watu mia moja wanapiga kelele, husikii kitu. Ghafla mtu anaita jina lako na shingo inageuka. Ubongo umekwambia: sikiliza hii, inakuhusu.

Kwa mgonjwa wa skizofrenia, katika sehemu za ndani za ubongo, dopamini inatolewa kupita kiasi. Alama ile ya «hii inakuhusu» inawekwa juu ya kila kitu. Mbwa akibweka, inamhusu. Jirani akikohoa, inamhusu. Redio ikisoma habari, anasikia habari zake. Akili, kwa sababu ni akili ya mtu, haiwezi kukaa na mambo mengi hivyo bila maelezo. Inatafuta hadithi ya kuyaunganisha. Na hadithi inatoka wapi? Inatoka katika yale ambayo mtu huyo amesikia tangu utoto wake. Mgonjwa wa Marekani atakwambia kwamba polisi wa siri wamemuwekea chombo ndani ya jino. Mgonjwa wa Walungu atakwambia kwamba shangazi yake anakuja usiku. Kemikali ni ileile. Kijiji ndicho kinachotoa majina.

Kama ingekuwa kweli ni shangazi, dawa inayopunguza kazi ya dopamini isingemfukuza. Na inamfukuza. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, waganga Jean Delay na Pierre Deniker walijaribu kwa wagonjwa wao dawa inayoitwa klopromazini, ile ambayo wauguzi wetu wa zamani waliijua kwa jina la Largactil. Munganga wa upasuaji, Henri Laborit, alikuwa ameona kwamba inatuliza watu bila kuwalaza. Wagonjwa waliofungwa kwa miaka wakaanza kuzungumza na kula mezani. Hakuna aliyejua sababu. Ilibidi kungoja kazi ya Arvid Carlsson wa Sweden, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000, na baadaye watafiti wa miaka ya 1970 walioonyesha kwamba nguvu ya kila dawa ya namna hiyo inalingana na namna inavyoziba mlango ambamo dopamini inaingilia. Haldol, ambayo inajulikana zaidi kwetu, inafanya kazi kwa mlango huohuo.

Dopamini haielezi yote, na wanaosema hivyo wanarahisisha. Wauguzi wa chumba cha upasuaji wanalijua jambo hili kuliko wanavyofikiri. Katika hospitali nyingi za kwetu mgonjwa wa kupasuliwa analazwa kwa ketamini. Akiamka, wakati mwingine anasema aliuona mwili wake kutoka juu, ao anazungumza na watu wasiokuwepo. Ketamini haianzi na dopamini. Inaziba kemikali nyingine, glutamati, ambayo ndiyo inayoendesha sehemu kubwa ya mazungumzo ya ubongo. Kwa muda mfupi, dawa ya usingizi inamfanya mtu mzima aonje kidogo kile ambacho mgonjwa anaishi nacho miezi na miaka. Hakuna aliyewahi kumshitaki mchawi kwa sababu ya ketamini.

Sasa swali la wazazi: kwa nini mtoto wangu, na si wa jirani? Hapa ndipo jeni zinapoingia, na hapa pia ndipo makosa mapya yanaweza kuzaliwa, kwa sababu kwetu neno «urithi» linageuka haraka kuwa «laana ya ukoo».

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 24 hivi wanaishi na skizofrenia, maana yake mtu 1 kwa kila watu 300. Mtu ambaye baba ao mama yake ana ugonjwa huu yuko katika hatari kubwa zaidi, karibu 10 kwa 100. Iangalie namba hiyo kutoka upande wa pili: 90 kwa 100 hawaupati. Na mapacha wanaofanana kabisa, wenye ADN moja, mmoja akiugua, mara nyingi zaidi yule mwingine haugui. Kwa hiyo urithi ni mkubwa lakini hauamui peke yake. Familia inayovunja uchumba na kurudisha ng'ombe kwa sababu mjomba wa bibi arusi «aliharibika kichwa» inafanya hesabu mbaya.

Tena hakuna jeni moja ya kichaa. Mwaka 2022, kundi la watafiti wa inchi nyingi lilichapisha katika gazeti la Nature matokeo yaliyotokana na wagonjwa zaidi ya 76 000 waliolinganishwa na watu wengine. Walipata sehemu 287 za ADN zinazohusika, kila moja kwa nguvu ndogo sana. Wewe unayesoma unazo baadhi ya hizo. Mimi pia.

Lakini kuwa na jeni si sawa na kuitumia. ADN ni kama kitabu kimoja kinene kilichowekwa ndani ya kila chembe ya mwili. Chembe ya ini na chembe ya ubongo zina kitabu hichohicho. Ini inasoma kurasa zake na ubongo unasoma zake. Kuna kurasa zinazosomwa kila siku, nyingine mara moja katika maisha, nyingine kwa sauti ya juu, nyingine kwa kunong'ona. Kusomwa huko kwa jeni ndiko kunakoweza kubadilika kwa umri, kwa njaa, kwa ugonjwa. Katika skizofrenia shida kubwa iko huko: kurasa fulani zinasomwa kupita kiasi, nyingine hazisomwi vya kutosha.

Nitachukua mfano mmoja ambao mkulima wa kahawa wa Idjwi ao wa Kalehe ataelewa kuliko profesa. Mkahawa usiopunguzwa matawi unazaa vibaya. Ubongo nao unapunguzwa. Mtoto anazaliwa na kukua na viungo vingi kati ya chembe, kupita vile anavyohitaji, na katika ujana ubongo unakata visivyotumika ili vilivyobaki vifanye kazi vizuri. Mwaka 2016, watafiti wa Marekani walionyesha kwamba jeni moja ya kinga ya mwili, inayoitwa C4, inashiriki katika kazi hiyo ya kukata. Kuna watu ambao, kwa namna walivyorithi, jeni hiyo inasomwa kwa nguvu zaidi katika ubongo wao, na watu hao wana hatari kubwa zaidi ya kupata skizofrenia. Maelezo yanayotokana na utafiti huo ni kwamba panga limekata matawi yasiyopaswa kukatwa. Hiyo ingeeleza pia kwa nini ugonjwa unatokea katika umri uleule wa exetat, na si kwa mtoto wa miaka 5: mti unapunguzwa wakati huo.

Mfano wa pili ni wa breki. Ubongo una chembe zinazosukuma na chembe zinazozuia. Zile zinazozuia zinatumia kemikali inayoitwa GABA, na ili kuitengeneza lazima jeni moja, GAD1, isomwe. Katika ubongo wa watu waliokufa wakiwa na skizofrenia, watafiti wengi, kwa miaka mingi, wamekuta jeni hiyo ikisomwa kidogo kuliko kawaida katika sehemu ya mbele, ile tunayotumia kupanga mambo na kushika neno kichwani. Gari lina mafuta ya kutosha, breki zimelegea.

Na njaa? Kwetu swali hili si la kitabu. Katika majira ya baridi ya 1944 kuelekea 1945, Wajerumani walizuia chakula kisifike magharibi mwa Uholanzi, na watu walikufa kwa njaa. Watoto waliotungwa mimba katika miezi migumu zaidi walifuatiliwa mpaka ukubwani: hatari yao ya skizofrenia ilikuwa karibu mara mbili. Uchina, baada ya njaa kubwa ya 1959 mpaka 1961, ilionyesha jambo hilohilo. Mwaka 2008 ikaonekana kwamba wale Waholanzi, miaka 60 baadaye, walikuwa bado na alama tofauti juu ya jeni moja inayohusu kukua kwa mwili, kama mtu aliyekunja ukurasa wa kitabu na mkunjo ukabaki. Jeni hiyo si ya skizofrenia, tusichanganye. Lakini inaonyesha kwamba njaa ya mama inaweza kuandika kitu juu ya namna mtoto atakavyosoma ADN yake maisha yote. Mwanamke mwenye mimba anayekimbia Masisi na godoro kichwani, akikaa wiki tatu bila chakula cha kweli, amebeba pia hesabu ambayo italipwa baada ya miaka 20. Wanaohesabu hasara za vita vyetu hawaiandiki popote.

Kuna kitu kinachoniumiza katika utafiti wote huo. Karibu watu wote waliopimwa ADN zao ni wa asili ya Ulaya, wengine wa Asia. Mwaka 2020, gazeti la Science lilichapisha utafiti juu ya Waxhosa wa Afrika Kusini, wagonjwa 909 na wenzao 917 wasio wagonjwa. Ulionyesha kwamba wagonjwa wana mabadiliko mengi zaidi yanayoharibu jeni, na hasa zile zinazohusu viungo kati ya chembe za ubongo. Mwafrika ana ADN yenye tofauti nyingi kuliko mtu mwingine yeyote duniani, ndiyo maana watu wachache wa Afrika wanaweza kufundisha mambo mengi. Mradi mwingine mkubwa umekusanya watu Ethiopia, Kenya, Afrika Kusini na Uganda. Uganda, hapa ng'ambo ya Bunagana na Kasindi. Congo haimo.

Hata hivyo sitaki tulie kwa ajili ya maabara. Mwezi wa Septemba 2024 Marekani iliruhusu dawa mpya, Cobenfy, ya kwanza baada ya miaka mingi isiyopita kwa mlango wa dopamini. Ni habari njema kwa dunia. Sisi tunakosa ile ya 1952. Haldol na klopromazini zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani, hakuna kiwanda kinachozimiliki tena, na kuna sindano ya kuchomwa mara moja kwa wiki 4 hivi kwa mgonjwa anayesahau ao anayekataa vidonge. Wamama wetu wanaijua sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3. Kituo cha afya kinachoweza kufanya kalenda ile kinaweza kufanya na hii. Lakini ingia katika vituo vya afya vya mbali na mji, uliza Haldol. Utaonyeshwa paracetamol.

Dawa hizo zina ubaya wake na afadhali familia iambiwe mapema. Zinaweza kukaza misuli, kugeuza shingo, kutetemesha mikono, na watu wakiona hivyo wanasema pepo amekasirika. Kuna kidonge cha kurekebisha, biperideni, ambacho kinapaswa kuwa karibu. Zinanyamazisha sauti kuliko zinavyorudisha hamu ya kazi na kumbukumbu. Kwa wagonjwa 2 ao 3 katika 10 hazitoshi, na dawa inayowasaidia, klozapini, inataka damu ipimwe mara kwa mara. Na si kila aliyechanganyikiwa ana skizofrenia: malaria iliyopanda kichwani, kifafa, kaswende, sida, hata minyoo ya nguruwe iliyoingia ubongoni inaweza kumfanya mtu aongee na hewa. Ndiyo sababu nyingine ya kupita kwanza kwa muuguzi. Wiki mbili za maombi juu ya malaria ya ubongo zinatosha kumzika mtoto.

Kwa miaka mingi sasa mashariki mwa inchi tumejifunza neno «traumatisme». Miradi inakuja, magari meupe yanakuja, mahema ya «psychosocial» yanafunguliwa, wasichana wenye gilet wanawasikiliza waliobakwa na waliokimbia. Kazi hiyo ni ya lazima, siipingi hata kidogo. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikadiria mwaka 2019 kwamba katika maeneo ya vita mtu 1 katika 5 ana shida fulani ya akili. Lakini kijana anayesikia sauti hawekwi katika duara la viti kumi akapona. Anahitaji dawa kwanza, mazungumzo baadaye. Miradi mingi haimpendi kwa sababu hajui kujaza fomu na ugonjwa wake hauishi baada ya miezi sita ya ufadhili. Anarudishwa kwa familia, familia inarudi kwa nabii.

Na minyororo. Mwaka 2020 Human Rights Watch ilionyesha kwamba watu wenye magonjwa ya akili wanafungwa kwa minyororo katika inchi karibu 60. Kwetu tunayaona: mguu umefungwa kwenye gogo, mgonjwa anafungishwa siku saba bila kula ili pepo atoke. Sina ugomvi na maombi. SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma ni kazi ya Mabruda wa Karidadi, watu wa sala asubuhi na jioni, na mgonjwa anapewa kidonge chake. Mchungaji anaweza kuomba na mgonjwa akiwa ameshiba, hana kamba, na amemeza dawa yake ya jioni. Anayesema lazima achague moja kati ya hizo mbili, aulizwe analipwa kiasi gani kwa wiki.

Familia zinasema pia: hospitali ya akili ni ya watu wa mji, sisi tuko Shabunda, tuko Walikale. Wana haki. Vituo vya wataalamu viko vichache na barabara tunazijua. Ndiyo maana tangu 2008 Shirika la Afya Duniani lina mpango unaoitwa mhGAP, wa kufundisha wauguzi na waganga wa kawaida kutambua na kutibu magonjwa haya bila kungoja mtaalamu. Congo ina zoni za afya zaidi ya 500. Muuguzi mmoja aliyefundishwa katika kila kituo kikuu, na dawa nne ao tano ndani ya kabati, zingepunguza safari za pikipiki za siku mbili. Muda ni jambo kubwa hapa: kadiri mtu anavyokaa na sauti bila kutibiwa, ndivyo kupona kwake kunavyokuwa kugumu zaidi. Miaka miwili ya kutafuta mchawi inaliwa ndani ya ubongo wa mtoto.

Bodi za vituo vya afya hukutana, na orodha ya dawa za kuagiza huandikwa na munganga mkuu wa zoni pamoja na mwenye kutunza dawa. Kwa kawaida inaanza na za malaria, inafuata amoksisilini, kisha seramu. Ndugu msomaji, ikiwa wewe ni mmoja wa hao wanaoiandika, ao unakaa katika kamati ya afya ya kata yako na mnasomewa orodha hiyo, angalia kama kuna Haldol ya vidonge, Haldol ya sindano ya mwezi, na biperideni. Kama hazimo, uliza kwa nini, na jina la aliyejibu liandikwe katika ripoti ya mkutano.